Taa Nyeupe Sebuleni

Wenzake kazini walimwita Fundi Moshi, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Ukimtaka, usimtafute kwenye meza ya ofisi. Tazama juu. Utamwona kwenye ngazi, bisibisi mdomoni, kichwa kimegusa dari, anagombana na king'ora cha mtu. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha: ving'ora vya moshi vinavyolia bila moshi, na vile vinavyonyamaza moshi ukiwa umejaa chumba. Alivijua tabia kimoja kimoja. Hiki kina vumbi. Hiki betri imechoka. Hiki kimewekwa karibu na bafu, kinameza mvuke na kudhani nyumba inateketea. Halafu alikuwa na mdomo mwanamke huyo, lo! Akikuta mtu amekivisha king'ora mfuko wa plastiki ili kisimsumbue anapokaanga, alimsema mpaka yule mtu akaona heri angeunguliwa tu na nyumba.

"Umekiziba pua," alizoea kufoka. "Haya, siku moto ukija nani atakuambia? Huo mfuko?"

Mchana mmoja alikuwa juu ya ngazi katika ghala la watu, simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa jengo alimoishi baba yake, mama mmoja wa sauti kubwa anayetembea na funguo za jengo zima kiunoni.

"Mwanangu, baba yako ametutoa nje tena. Jengo zima! Watu wako barabarani na mataulo. Mwenye kichanga analia, kichanga nacho kinalia. Tumegonga mlango wa mzee mpaka mikono imeuma. Nimefungua kwa ufunguo wangu, namkuta kakaa kwenye kochi anakunja nguo. Kidude kinalia juu ya kichwa chake, yeye anakunja nguo! Ananiambia karibu, kuna nini?"

"Kulikuwa na moshi?"

"Kidogo, jikoni. Lakini sikiliza, mwenye jengo ameshasema lake. Kikilia hivi tena, mzee atafute pa kuishi."

Fundi Moshi alishuka kwenye ngazi akakaa chini sakafuni, hapo hapo, na vumbi lake. Si kwamba baba angekosa pa kulala. Ni kwamba vyumba vile ndimo alimoishi na mama yao tangu yeye na kaka yake wakiwa wadogo, na ndimo mama alimokatikia roho. Kila kitu mle kilikuwa pale pale mama alipokiweka: kikombe chake kwenye msumari, kanga yake mgongoni mwa kiti. Baba alikuwa akipita karibu na kile kiti anaigusa ile kanga, kisha anaendelea na safari yake ya jikoni. Umtoe mle umpeleke wapi?

Kaka yake alijua wapi. Kaka alishakata shauri kitambo: nyumba ya kulelea wazee, ile yenye ukuta wa njano karibu na kazini kwake. Alishakwenda kukiona hata kitanda.

"Mdogo wangu, mzee amechanganyikiwa," alisema jioni ile kwenye simu. "Tukubali tu. Mtu analiliwa kichwani na king'ora, anakunja nguo?"

"King'ora kibovu hicho! Wewe unajua nini habari ya ving'ora? Nilimwambia mwenye jengo kimekaa pabaya, akanijibu kwa jeuri."

"Hata kikiwa kibovu, kinalia. Yeye haondoki."

"Kaka, mpaka nikipime. Nakuomba."

Kaka hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu na kukimbia huku roho iko mkononi. "Haya," akasema. "Kapime. Kama ni mashine, mzee anabaki na mimi sitafungua kinywa tena. Kama ni yeye, anahama, na wewe sitaki machozi. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake Fundi Moshi alikwenda kazini akiomba Mungu akute ubovu.

Alifungua mlango kwa ufunguo wake. Baba alikuwa amesimama dirishani, ameupa mlango mgongo.

"Shikamoo, baba."

Kimya. Akaona kanuniwa, maana mara ya mwisho alikuwa amemkemea kuhusu dawa. Akaweka ngazi chini, kishindo. Baba hakugeuka. Ni mpaka kivuli cha bintiye kilipopita ukutani ndipo mzee alipogutuka, akamwona, uso wote ukacheka.

"Ala! Fundi wangu! Umeingia kama mwizi."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa hapo chini ya picha yako."

Picha ilikuwa ukutani juu ya kochi, ya studio, imeanza kuwa ya rangi ya chai. Baba amevaa koti jeusi. Kaka, wakati huo kitoto cha magoti meusi, amesimama ameegemea paja la baba. Yeye fundi yuko mapajani mwa mama, mnene kama kitumbua. Na mama amefumba macho.

"Taa ya kamera ilimpiga," baba alianza, kama alivyoanza siku zote. "Mpiga picha anasema moja, mbili, pwaa! Mama yenu kafumba. Tukarudia, pwaa! Kafumba tena. Mpiga picha akasema mzee, mkeo hataki kuniona. Nikamwambia chukua hiyo hiyo, ndiyo sura anayonilalia." Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Lakini nilimwahidi tutapiga nyingine. Macho wazi."

Binti alicheka pale anapopaswa kuchekea, akapandisha ngazi yake.

Na ubovu akaukuta! King'ora kilikuwa juu ya mlango wa jiko kabisa, mahali ambapo hata mwanafunzi wa kazi asingekiweka. Akakifungua. Vumbi lilikuwa limeganda kama sufi, na ndani kabisa, kwenye kile kichumba kinachonusa moshi, buibui mdogo alikuwa ametanda utando wake kwa raha zake. Buibui akipita mle, mashine hudhani ni moshi. Fundi Moshi alikaribia kumbusu yule buibui.

Aliposhuka kunawa mikono jikoni aliona sufuria chini ya sinki, imelowekwa, kitako cheusi tii. Nyuma yake ilikuwepo nyingine. Na nyingine, imefunikwa gazeti. Akazitazama. Nani hajawahi kuunguza sufuria, akajisemea, akavuta pazia la sinki likazifunika vizuri. Mtu mwenye macho makali kama yale, anayeona buibui asiyezidi punje ya mchele, zile sufuria alizipita.

Akafunga king'ora kipya ukumbini, mbali na jiko. Likabaki moja: kukijaribu. Sasa, katika kazi yao kuna sheria, na asiyeishika anafukuzwa: kabla hujabonyeza unapiga kelele, "Najaribu!" Unangoja mwenye nyumba akujibu, "Jaribu!" Ndipo unabonyeza. Maana kile kilio kinaweza kumwangusha mtu na chai ya moto mkononi.

"Najaribu!" aliita, uso umeelekea dari.

Nyuma yake baba alikuwa kwenye kochi, anasimulia habari za kiwanda cha nguo alikofuma maisha yake yote, na bosi mmoja aliyetumbukia katika pipa la rangi.

"Baba! Najaribu!"

"... maana kiburi chake, hatazami anapokanyaga ..."

Akabonyeza. King'ora kilipasua hewa. Mlango wa jirani ukafunguka, mtu akatukana, mlango ukafungwa kwa kishindo. Fundi aligeuka juu ya ngazi, vidole masikioni.

"... akatoka mle bluu mwili mzima," baba alikuwa akisema kwa utulivu kabisa, "mpaka ndani ya masikio. Mkewe alimkana mlangoni."

Ngazi ilimwendea upande, nusura aanguke. Alimtazama baba yake, na mambo ya miaka yakaanza kumjia moja moja. Shikamoo zisizoitikiwa. Simu asizopokea. Redio iliyofunikwa kitambaa. Kiwandani kwao mashine zilinguruma kiasi kwamba wafumaji hawakuzungumza kwa sauti. Walisemezana kwa midomo mitupu, kutoka safu hii hadi ile, na walicheka, waligombana, walitongozana humo humo. Baba aliwafundisha na wao walipokuwa wadogo. Mezani walikuwa wakisengenya chakula mbele ya mama bila kutoa sauti, mama anawapiga na mwiko, "Nyie na kiwanda chenu mnanisema!" Kumbe mzee alikuwa akiishi kwa midomo ya watu. Ukimtazama, anakujibu. Ukimpa mgongo, huna unalomwambia.

Akaacha king'ora kilie. Akamwelekezea uso, akasema bila sauti, "Baba, unasikia kinacholia?"

Baba alisoma ile midomo. Kicheko kikafutika usoni.

"Kinalia?" aliuliza.

Alipokizima na kushuka, mzee alikuwa anaangalia mikono yake. "Masikio niliyaacha kule kule kwenye mashine," alisema. "Kidogo kidogo. Nikisema, kaka yako ataniona nimekwisha. Usimwambie, mama."

Amfiche? Thubutu! Hii ndiyo habari aliyokuwa akiitafuta. Alimkumbatia baba yake, akatoka kwenye ngazi za jengo akampigia kaka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.

"Kaka, ni kiziwi! Baba ni kiziwi tu!"

"Kiziwi," kaka alirudia. "Na jikoni? Msimamizi anasema kila mara ni sufuria."

"Hasikii zikichemka. Hasikii zikifurika. Mtu haambiwi kachanganyikiwa kwa kuwa masikio yamekufa!" Alikuwa na jibu la kila swali. "Kuna taa maalumu za viziwi. King'ora kikilia, taa nyeupe inawaka na kuzimika, inamulika chumba kizima. Nitamfungia mimi mwenyewe."

Akazifunga, moja sebuleni, moja chumbani kwa baba, na ilikuwa kazi safi, nyaya hazionekani. Akamfunza. "Taa ikiwaka, unafanya nini?" Baba akajibu kama askari, "Nazima jiko, nachukua ufunguo mlangoni, natoka." Wakafanya. Taa ikawaka, baba akainuka, akazima jiko, akachukua ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, akatoka mpaka ngazini na ndala zake, kifua mbele. Wakarudia, akafanya vile vile. Jirani mwenye kichanga akampigia makofi, na mzee akainama kama mchezaji wa jukwaani.

Walipokaa kupumua baba aliinua macho ukutani. "Taa ya kamera ilimpiga," alisema. "Mpiga picha anasema moja, mbili, pwaa! Mama yenu kafumba ..."

Akaisimulia yote, mwanzo mpaka kwenye ile sura anayomlalia, neno kwa neno, kana kwamba ndiyo kwanza aikumbuke. Na binti akacheka pale pale alipochekea mwanzo. Alikuwa na furaha mno siku ile. Hakutaka kuhesabu kitu.

Kaka aliomba jambo moja tu. "Nije nione kwa macho yangu," alisema. "Na usimwambie kama tunakuja."

"Hatujaribu bila kutoa taarifa, kaka. Ni sheria ya kazi."

"Moto nao unatoa taarifa?"

Fundi Moshi akamwarifu msimamizi na majirani, akaurekebisha mtambo ulie kwenye vyumba vya baba peke yake, na kaka akaja na koti lake la kazini, hata chai hakunywa njiani. Wakaingia taratibu kwa ufunguo wa binti na kubaki ukumbini, kwenye kivuli cha mlango. Kutoka pale waliiona sebule yote. Baba alikuwa kwenye kochi, anakunja nguo.

Fundi Moshi alikuwa na kopo la moshi wa majaribio. Hakutoa ile kelele yake, na alijisikia kama mtu anayeiba. Akanyanyua kopo, akanyunyizia.

King'ora kikapasuka. Taa ikaanza kumulika sebuleni, nyeupe, kali, inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika.

Baba aliinua kichwa. Akaliweka chini shati alilokuwa akilikunja. Akainuka!

"Umeona?" binti akamwambia kaka kwa midomo, macho yamejaa. "Umeona?"

Baba alilipita jiko. Hakuligeukia. Akaingia chumbani kwake.

"Ufunguo," binti alisema. "Anafuata ufunguo."

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake, karibu na bega la kaka, hapo hapo mlangoni.

Walingoja. King'ora kiliwatoboa vichwa, na hakuna kati yao aliyeziba masikio. Kisha baba akatoka. Alikuwa amevaa koti jeusi, lile la kwenye picha, limemwagika mabegani kwa vile mwili umekwisha. Alikuwa amelowesha nywele kidogo na kuzilaza kwa kiganja. Alipitia kiti cha mama, akaigusa ile kanga, akaja kukaa kwenye kochi. Hakukaa katikati. Alisogea upande, akaacha nafasi ya mtu, akaweka mikono magotini, akanyoosha shingo na kuielekezea uso ile taa.

"Anafanya nini?" kaka alinong'ona. "Anafanya nini huyu?"

Fundi Moshi alijua tayari. Angeweza kusema taa imekaa pabaya, au ni kali mno, au mzee hajazoea, amwongezee siku. Alizitafuta zile sababu zake, yeye aliyekuwa na jibu la kila swali, akakuta hakuna hata moja iliyobaki. Alikumbuka sufuria tatu nyuma ya pazia. Ni mkono wake uliolivuta lile pazia.

Ndipo baba akawaona. Wala hakushangaa.

"Mbona mmesimama mlangoni kama wageni? Njooni mkae, mpiga picha anatungoja." Taa ikawaka, na yeye akaipa tabasamu. "Na mwiteni mama yenu huko jikoni. Mwambieni safari hii asifumbe macho."

Kaka, mtu aliyekuja na maneno yake yamepangwa, wallahi, alivuka sebule, akakaa chini kwenye zulia, mtu mzima na koti la kazini, akaegemea paja la baba yake. Baba akamwekea mkono kichwani, akamwelekeza uso mbele. Fundi Moshi naye akaenda akakaa ukingo wa pili wa kochi, akaiacha ile nafasi ya katikati wazi.

Walikaa hivyo. Walikuwa wamekubaliana, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha mwenzake. Kitanda kilikuwa kinangoja kwenye nyumba ya ukuta wa njano. Kwanza watamtafutia sanduku, na kikombe kitatolewa kwenye msumari, na kanga sijui watasema nini kuhusu kanga. Taa iliwaka na kuzimika juu yao, na hakuna aliyeinuka kuizima mpaka moshi wa kopo ulipokwisha wenyewe na king'ora kikanyamaza.

Chumba kikawa kama kimeingia giza, ingawa ulikuwa mchana.

"Imetoka?" baba aliuliza, bado kanyooka. "Mama yenu hakufumba?"

Fundi Moshi aligeuka kabisa ili baba amwone vizuri, akamjibu kwa midomo mitupu, kama kiwandani.

"Hakufumba, baba."